Taa za Jukwaa Zimefifia? Fuata Mwanga Unakopotelea

"Mbona jukwaani giza?" Anauliza mpiga video wa harusi ambaye picha zake zimejaa chengachenga. Anauliza mzee wa safu ya nyuma asiyeona midomo ya waigizaji. Anauliza mwalimu wa kwaya aliyeahidiwa kwamba taa zipo za kutosha. Jibu linalokuja haraka ni kununua taa mpya, nami nakusihi usubiri kidogo. Katika kumbi nyingi za shule, makanisa na sherehe, taa zilizokwishaning'inizwa zina uwezo mkubwa kuliko mwanga unaoonekana. Mwanga upo, ila unapotelea njiani: kwenye vumbi, kwenye waya mrefu, kwenye karatasi ya rangi, kwenye mikisa ya taa. Vidokezo hivi vinaanzia pasipo na gharama, vinaelekea kwenye gharama. Vifuate kwa mpangilio huohuo.

1. Pima kwanza, macho yanazoea

Ukikaa nusu saa kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu, utauona wa kawaida. Kwa hiyo zima taa za ukumbi, funga mapazia, bandika utepe sakafuni katikati ya jukwaa, kisha washa taa moja baada ya nyingine kwa nguvu yote. Kila moja ielekeze kwenye alama ileile, na upime laksi, yaani kiasi cha mwanga unaofika pale, kwa programu ya simu. Simu haina usahihi wa kifaa cha maabara, lakini hapa hutafuti namba kamili; unalinganisha taa na mwenzake.

Matokeo yatakuonyesha njia moja kati ya mbili. Taa moja ikiachwa nyuma na wenzake wa aina ileile na wa umbali uleule, kasoro iko ndani yake: balbu, lenzi, kiakisi au feni. Zote zikiwa zimefifia kwa pamoja, usianze kwa kuzifungua. Chanzo huenda kiko kwenye umeme, umbali au mikisa, au zote zimeshika uchafu kwa pamoja. Fundi anayeruka hatua hii anaweza kufungua taa kumi akitafuta tatizo lililoko kwenye soketi moja.

2. Tazama mikisa kabla ya kutazama juu

Feda kuu, ile swichi ya kuteleza inayoshika taa zote, ikishuka hadi asilimia 70, jukwaa zima linashuka nayo. Kwenye mikisa nyingi feda hiyo iko pembeni kabisa, mahali ambapo mkono au daftari huisukuma bila mtu kujua. Ipandishe hadi mwisho. Kisha angalia mipangilio iliyohifadhiwa: pengine mtu aliyekutangulia alihifadhi taa za mbele kwa kiwango cha mahubiri ya asubuhi, nawe unaitumia ileile kwa tamthilia ya usiku.

Kwa taa za LED kuna kosa linalojificha zaidi. Mfumo wa kuendeshea taa wa DMX512, uliobuniwa 1986, hupeleka namba kati ya 0 na 255 kwenye kila chaneli, na taa huzitafsiri kulingana na hali iliyowekwa mgongoni mwake. Taa ikiwa kwenye hali ya chaneli 7, mara nyingi chaneli ya kwanza ndiyo inayoshika ukali wa mwanga wote. Mikisa ikidhani taa hiyo ina chaneli 4, basi feda unayoiona kuwa ya nyekundu ndiyo iliyokamata taa nzima. Unashusha nyekundu ili upate bluu safi, na taa yote inafifia. Watu hutupa taa nzima kwa sababu ya tarakimu moja kwenye kioo kidogo cha nyuma. Taa za aina moja ziwe kwenye hali moja, ilingane na iliyoandikwa kwenye mikisa, na anwani, yaani namba ya chaneli ambako kila taa inaanzia, zisigongane.

3. Kabla ya kupanda ngazi

Chomoa plagi. Kushusha feda hadi sifuri hakutoshi, kwa kuwa dima inaweza kuvujisha umeme hadi kwenye kishikio cha balbu. Acha taa ipoe kabisa. Mtu mmoja apande, mwingine ashike ngazi. Kila taa iwe na kamba yake ya chuma ya usalama iliyozungushwa kwenye bomba, mbali na klampu inayoibeba. Mambo ya nyaya za jengo, soketi za ukutani na ndani ya dima mwachie fundi mwenye leseni. Kwa Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, kwa Kenya na EPRA. Na kazi hii isifanywe watu wakiwa tayari wanapanga foleni mlangoni.

4. Safisha, maana utando ndio mwizi mkubwa

Teremsha taa ya profaili iliyokaa juu miaka kadhaa, iweke mezani penye mwanga wa mchana, itoe lenzi. Pitisha kitambaa cheupe mara moja tu katikati ya kioo. Utaona mstari unaong'aa, na kando yake kioo chenye rangi ya chai iliyochemka sana. Kitambaa nacho kitabaki na utando wa kahawia unaonata. Hilo si vumbi tupu. Ni vumbi lililonaswa na majimaji ya mashine ya moshi na mvuke wa jikoni, kisha likakaangwa na joto la balbu kila usiku. Kupangusa kwa kitambaa kikavu hakuliondoi, kunalisambaza.

Hesabu yake ni rahisi. Lenzi ina pande mbili, na profaili nyingi zina lenzi mbili, kwa hiyo mwanga huvuka nyuso nne kabla ya kutoka. Kila uso ukila asilimia 5 tu, mwisho wa safari zimeliwa karibu asilimia 19. Hapo hatujagusa kiakisi wala kioo cha balbu.

Anza kwa kupuliza vumbi na blowa au brashi laini. Kisha tumia maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, au spiriti ya isopropili, na kitambaa kisichoacha nyuzi. Malizia na kitambaa kikavu. Usiguse kioo chenye moto kwa kitu chenye maji, kitapasuka. Kiakisi kishughulikie kwa mkono mwepesi zaidi: steelwaya na sabuni ya unga huacha mikwaruzo ambayo haiondoki, na kiakisi kilichokwaruzwa hutawanya mwanga badala ya kuupeleka mbele. Viakisi vya kioo vyenye utando maalumu vipulizwe kwanza, na vifutwe pale tu penye ulazima.

Mahali ulipo paamue ratiba yako. Pwani ina chumvi ya hewani. Kwenye majukwaa ya wazi kama Ngome Kongwe kisiwani Unguja, hatua chache kutoka bahari ya Forodhani, au kwenye kumbi za Bagamoyo, chumvi hiyo hushambulia lenzi na pini za plagi kwa pamoja. Dodoma wakati wa kiangazi ina vumbi lake. Msimu wa mvua taa za nje huvuta kumbikumbi, na mabawa yao hujaa kwenye matundu ya hewa hadi taa inashindwa kupumua. Kwa ukumbi wa shule au kanisa, usafi wa kina mara mbili kwa mwaka unatosha. Ukumbi wa harusi unaowasha mashine ya moshi kila Jumamosi usipitishe miezi mitatu.

5. Itazame balbu ya halojeni kwa karibu

Balbu nzima ina kioo kisafi. Ikiwa na weusi ndani, uvimbe, au alama nyeupe ya maziwa, ibadilishe hata kama bado inawaka. Ile alama nyeupe mara nyingi ni kidole cha mtu: mafuta ya ngozi huunguzwa juu ya kioo na kukidhoofisha. Shika balbu kwa kitambaa au kwa karatasi iliyokuja nayo, na ukiigusa ifute kwa spiriti kabla ya kuiwasha.

Weusi una habari yake. Ndani ya balbu, chembe za tangsteni hutoka kwenye uzi, hukutana na gesi ya halojeni, na kurudishwa kwenye uzi badala ya kuganda kwenye kioo. Mzunguko huo unahitaji kioo kiwe na joto kali. Balbu inayowashwa asilimia 20 kwa saa nyingi haipati joto hilo, na kioo kinaanza kuwa cheusi. Kama ibada au maonyesho yako huendeshwa kwa mwanga wa chini, ziwashe taa kwa nguvu zote dakika chache mwishoni, kabla ya kuzizima.

Chunguza pia kishikio. Pini zilizoungua na kauri yenye ufa huua balbu mpya haraka. Kishikio hakigharimu sana, hivyo kibadilishe pamoja na nyaya zake fupi zinazostahimili joto. Ukienda dukani, soma maandishi yote kwenye balbu ya zamani. Zile zinazouzwa kuwa za maisha marefu kweli zinadumu, lakini zinatoa mwanga pungufu, mara nyingi kwa kama robo. Ukumbi ambao taa zake ziko juu sana na ngazi ni ya kuazima una sababu nzuri ya kuzichagua. Mwenye malalamiko ya giza hana.

6. Balbu ikae mahali pake

Uzi wa balbu ukikaa nje ya kitovu cha kiakisi, mwanga hutoka upande mmoja mkali, mwingine hafifu. Elekeza profaili kwenye ukuta mweupe na utazame duara lake. Kwenye Source Four ya kampuni ya ETC, iliyoingia sokoni 1992, kuna vifundo vya kurekebishia nyuma ya taa: kimoja huipeleka balbu huku na kule hadi duara lisawazike, kingine huamua kama ukali ujikusanye katikati au usambae. Geuza polepole huku mwenzako akisoma laksi.

Taa za PAR 64 zina jambo lao. Mwanga wake si duara, ni yai, na ukizungusha balbu ndani ya kopo, yai linageuka. Lipange lilale kulingana na upana wa jukwaa, usije ukamulika dari na safu ya kwanza bure. Tena balbu hizo huja kwa upana tofauti: CP60 ni nyembamba, CP61 ya kati, CP62 pana. Kubadilisha CP62 kwa CP61 kwenye taa iliyo mbali huongeza ukali pale unapopahitaji kwa wati zilezile 1,000. Utalipa kwa upana, basi pima kwanza kama taa za jirani zinafunika pengo.

7. Umeme uliotoka si umeme uliofika

Kidokezo hiki ningependa kila mwenye ukumbi akisome mara mbili, kwa sababu hasara yake ni kubwa na haionekani kwa macho. Mwanga wa balbu ya halojeni haushuki sawa na volti, unaporomoka. Volti zikipungua kwa asilimia 5, mwanga hupungua kwa kama asilimia 16. Zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unaondoka kwa asilimia 30, na unaobaki unageuka kuwa wa manjano.

Chukua harusi ya kiwanjani. Jenereta iko nyuma ya hema la wapishi, ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa milimita za mraba 1.5 imevutwa hadi jukwaani, na mwisho wake kuna taa mbili za wati 1,000. Ampea zinazopita zinakaribia 9. Waya huo wa shaba utakula volti 12 hivi peke yake. Jenereta ikitoa 230, taa zinapata 218, na sehemu moja kati ya sita ya mwanga imekwenda. Sasa washa majokofu na spika za muziki, jenereta ishuke hadi 215. Taa zinapata 203, na theluthi ya mwanga haipo. Mpiga video analalamika, fundi anaapa kwamba balbu ni mpya, na wote wawili wanasema kweli.

Pima volti mwisho wa waya, penye taa, huku taa zote na muziki vikiwa vimewashwa. Kipimo kilichochukuliwa vitu vikiwa vimezimwa hakikuambii chochote. Tumia waya mnene: wa milimita 2.5 hushusha ile hasara ya volti 12 hadi 8 hivi. Gawa mzigo kwenye nyaya mbili. Sogeza jenereta. Ekstensheni ya kuviringishwa ifungue yote, kwa kuwa iliyobaki kwenye gurudumu hupata joto na inaweza kuyeyuka. Dakika ishirini baada ya kuwasha, zima, kisha gusa plagi: yenye joto ina pini zilizolegea au zenye kutu, na sehemu ya umeme wako inageuka kuwa moto humo.

Tazama pia namba iliyopigwa kwenye balbu. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, wa Kenya 240. Balbu ya 240 ikiwashwa kwa 230 hutoa kama asilimia 86 tu ya mwanga wake. Dalili nyingine nzuri: taa za LED na za halojeni zikiwa kwenye waya mmoja, halojeni zikafifia na LED zikabaki vilevile, mtuhumiwa ni volti. LED nyingi zina pawasaplai inayokubali volti 100 hadi 240 na kujisawazisha.

8. Karatasi za rangi

Rangi hutengenezwa kwa kuondoa mwanga. Bluu nzito iitwayo Congo Blue, namba 181 ya kampuni ya Lee, hupitisha chini ya asilimia 2 ya mwanga unaoingia. Ni rangi nzuri mno, lakini iache kwa ukuta wa nyuma. Taa za mbele zinazomulika nyuso zipe rangi nyepesi au usizipe kabisa. Karatasi iliyopauka katikati au kujikunja ibadilishe. Dalili hiyo huonekana ukiinyanyua dirishani.

9. Umbali

Mwanga ukisafiri mara mbili ya umbali, ukali wake unabaki robo. Taa inayotoa laksi 800 kwa mita 5 itatoa 200 kwa mita 10. Kabla ya kununua taa nyingine za mbele, uliza kama bomba linaweza kusogezwa mita mbili karibu na jukwaa. Usilete karibu mno: pembe ya digrii kama 45 hulinda macho ya mzungumzaji na kuacha uso wake uonekane vizuri.

10. LED nazo huzeeka

Muuzaji hukwambia LED zinadumu saa 50,000. Muulize: hadi mwanga ubaki kiasi gani? Kwa kawaida saa hizo huhesabiwa hadi mwanga ufike asilimia 70 ya ulivyokuwa mwanzo, na hesabu hiyo inachukulia taa inapozwa ipasavyo. Feni ikisimama au mapezi ya kupozea yakizibwa na vumbi, taa nyingi hujishusha zenyewe ili zisiungue. Hii ndiyo taa inayoanza jioni ikiwa kali na kufifia baada ya nusu saa. Fungua kifuniko, puliza vumbi, na wakati wa kupuliza shika feni kwa kidole isizunguke, maana mzunguko wa upepo huo unaweza kuiharibu.

Kuwa makini na maandishi ya boksi. Taa za bei nafuu zinazoandikwa 54x3W humfanya mtu azidishe na kupata wati 162, ilhali nyingi hutumia pungufu sana. Chomeka kipima wati kabla ya kulipa. Muuzaji mwema hatakataa. Na kama taa ina nyekundu, kijani na bluu tu, nyeupe inayotengeneza itaufanya uso uonekane umekufa. Kwa taa za mbele tafuta yenye nyeupe ya joto au kaharabu ndani yake.

11. Taa za kichwa kinachozunguka

Zenye balbu za gesi, kama zile za 7R za wati 230, hupoteza mwanga taratibu tangu siku ya kwanza. Kwenye menyu kuna hesabu ya saa za balbu. Ilinganishe na saa alizotaja mtengenezaji, na ukibadilisha balbu irudishe sifuri. Usizime na kuwasha hapohapo. Ukimaliza, zima balbu kwanza kwa mikisa, acha feni izunguke dakika 10 hadi 15, ndipo ukate umeme. Mafundi wanaochomoa plagi sherehe ikiisha ndio wanaonunua balbu mara nyingi. Balbu hizi zina mgandamizo mkubwa wa gesi na mionzi mikali, hivyo subiri zipoe, vaa miwani na glavu, na usiziwashe kifuniko kikiwa wazi.

12. Tazama kinachomulikwa

Kuna giza lisilotoka kwenye taa. Waigizaji wenye ngozi nyeusi, suti nyeusi, pazia jeusi nyuma yao: mwanga unafika, ila hakuna kinachomtenga mtu na ukuta. Kumwongezea taa ya mbele humfanya ang'ae paji la uso tu. Mpe taa ya nyuma au ya ubavuni, yenye rangi tofauti na ya mbele, ichore mabega na taya lake. Taa mbili ndogo zilizowekwa hivyo hufanya kazi ambayo nne za mbele hazitaiweza, na ni heshima kwa sura za watu wetu kuwamulika kwa namna inayoonyesha ngozi yao jinsi ilivyo.

13. Daftari la taa

Kila taa ipewe namba kwa rangi inayosomeka kutoka chini. Kwenye daftari andika aina ya balbu, tarehe ilipowekwa, tarehe ya usafi, na laksi zilizosomwa kwenye alama ileile ya utepe. Rudia kipimo kila baada ya usafi. Mwaka ukiisha utajua ipi inashuka haraka kuliko wenzake, na ipi ilifufuka kwa spiriti na kitambaa. Taa iliyosafishwa, ikapata balbu mpya na volti kamili, na bado ikasoma nusu ya wenzake, hiyo ishushe. Weka lenzi, klampu na kamba ya usalama kama akiba, kisha uipelekee kamati ukurasa wake unapoomba fedha za taa mpya.